Gunia la Chumvi Upande wa Kushoto

Mzee Baluku,

Hukupenda salamu ndefu. Mteja akianza kuuliza habari za nyumbani, za shamba na za mbuzi, ulikuwa unaingia chini ya gari na kumwachia miguu yako azungumze nayo. Basi salamu nimeziweka hapa mlangoni, utaziokota ukitaka. Nina jambo la kukuambia, na mara hii huna gari la kuingia chini yake.

Nimemwambia Kule, yule wa Kisinga.

Sasa unajifanya huelewi. Au kweli huelewi. Nimekaa na swali hilo tangu masika, na nimeona ni afadhali nieleze yote kwa mpangilio, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba gari halianzwi kupimwa kwenye gurudumu linalolia.

Kwanza, habari za gereji. Bado ipo pale pale Bwera, kwenye mteremko wa kwenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Congo, na malori bado yanasimama mbele ya lango letu kana kwamba lango ni uvumi tu. Masereka bado anachomelea bila miwani. Anasema miwani inamzuia kuona. Uzi wako wa nailoni, ule ulioununua kwa wavuvi wa Kasenyi ukasema kilichomshinda kambare hakitashindwa na gari, nimeubadilisha mara moja. Timazi ni lile lile.

Huko Kasese kuna gereji imefunga mashine ya kompyuta ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu. Unaingiza gari, linawekwa vioo kwenye magurudumu, mashine inatoa karatasi yenye rangi nyekundu na kijani. Watu wanaipenda sana ile karatasi. Nimemwona mmoja ameibandika kwenye kioo cha mbele kama cheti cha ubatizo. Mimi sina karatasi. Nina uzi, timazi, rula na macho mawili, na gari likitoka kwangu linakwenda moja kwa moja hadi Kikorongo bila kuvuta upande wowote. Sijisifu. Ninakupa ripoti.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Nilikuwa nauza matairi yaliyotumika, nimeyapanga kwenye ukuta wako bila kuomba ruhusa, na wewe ulinivumilia kwa sababu nilikuwa kivuli cha bure kwa mbwa wako. Siku nzima nilikuwa natazama mpira uliolika. Hili limelika ukingo wa ndani, hili ukingo wa nje, hili lina meno kama msumeno. Mtu anayeuza matairi mabovu hujifunza kuyasoma, hasa akitaka kujua lipi la kumficha mteja. Siku moja nikakuambia, "Mzee, hii gari magurudumu yake inachungulia nje, moja inataka Congo, ingine inataka Fort Portal." Ulitoka chini ukiwa na grisi hadi kwenye nyusi. Ulilitazama tairi, ukanitazama mimi, ukasema, "Mama Matairi, leta ile uzi." Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa. Sijawahi kupata nyingine.

Ulinifundisha kemba, yaani mlalo wa gurudumu, kwa kunipeleka barabarani. Mama mmoja alikuwa anashuka mlimani na mzigo wa kahawa mgongoni, njia imelala upande. Ukasema, "Angalia mwili yake. Inaegemea mlima. Akisimama wima, anaanguka." Ndivyo gurudumu la gari la mashindano linavyotakiwa: juu yake iingie ndani kidogo, ili gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje, ambalo ndilo linalobeba kila kitu, likanyage ardhi kwa wayo mzima. Gari la kwenda kanisani na sokoni halihitaji hayo. Ukililaza magurudumu, litakula matairi yake ukingo wa ndani na mimi nitapata wateja, lakini si haki.

Ulinifundisha pia kwamba gari tupu ni gari la uongo. Mtu akiingia, upande wake hushuka, springi inabonyea, na gurudumu la upande huo linalala zaidi. Kwa hiyo tulikuwa hatupimi mpaka tuweke uzito mahali pa dereva. Tulitumia gunia la chumvi ya Katwe, kwa sababu chumvi haitikisiki, haiombi chai na haikuambii jinsi ya kufanya kazi yako. Ulikuwa unauliza kutoka chini, "Dereva amekaa?" Nami najibu, "Amekaa." Kisha unapiga magoti, unaning'iniza timazi kwenye mdomo wa bodi juu ya gurudumu, na unapima kwa rula pengo kati ya uzi na tairi.

Sasa tumefika kwa Kule.

Kule wa Kisinga, mnunuzi wa kahawa, mwili mkubwa, sauti ndogo. Alileta gari lake jeupe mwaka ule walipochonga njia ya mashindano kwa greda kwenye tambarare ya Kasese, katikati ya mashamba ya pamba. Alikuwa ameliandaa mwenyewe: ametoa viti vya nyuma, ametia springi fupi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha jambo jema muda mrefu. Alikuambia, "Mzee, mimi sitaki kushinda. Nataka tu nisiwe wa kuchekwa." Ukamwambia, "Kwa mikono yangu, hawatacheka."

Wiki ile tulikuwa tumefanya magari ya Congo tu. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo walikuwa wamejazana, na magari yao, kama ujuavyo, usukani uko kushoto. Jumatatu gunia kushoto. Jumanne gunia kushoto. Jumatano, Alhamisi. Ijumaa likaja gari la Kule, gari la Uganda, usukani kulia kama wa kila mtu upande wetu wa mpaka. Kwa mwili wake niliweka gunia moja na nusu. Ukauliza, "Dereva amekaa?" Nikajibu, "Amekaa."

Ulilaza magurudumu ya mbele milimita saba, sawasawa kila upande, ukaunyoosha uzi, ukafunga bolti. Kazi safi. Sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Jumapili yake sote tulikwenda Kasese. Ulivaa koti. Kule akaanza vizuri. Kila alipokata kushoto, gari lilimtii. Kila alipokata kulia, pua iliendelea kwenda mbele kama mbuzi anayevutwa sokoni. Mzunguko wa tatu, kona ya kulia iliyo karibu na watazamaji, akaingia kwenye pamba. Hakuumia. Alitoka mlangoni na pamba kwenye nywele, na watu walicheka namna ambayo watu hucheka wakiwa wamekuja na watoto na soda. Simu zote zilikuwa juu.

Akaja kwako moja kwa moja. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Mzee, gari inakataa kulia." Tu. Wala hakukulaumu. Na wewe, mbele ya madereva wote, ukasema, "Gari iko sawa, nilipima mimi. Hii mikono yako ni ya jembe. Usukani inataka mtu ingine."

Walicheka tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa walikuwa na ruhusa ya fundi.

Tangu siku ile Kisinga nzima ilimwita Jembe. Video ilizunguka kwenye simu mpaka ikafika kwa shemeji zake Beni. Kule alilifunika gari kwa turubai. Hata pikapu yake ya kahawa akaacha kuendesha, akaajiri mtu, yeye akawa anakaa upande wa abiria na mikono yake mapajani. Nilimwona hivyo mara mbili barabarani. Mikono ameilaza, viganja juu, kana kwamba ni ya mtu mwingine na amepewa amshikie.

Na mimi nina langu. Kesho yake, baada ya mashindano, nililitazama tairi la mbele kushoto la gari lile, wakati wanalipandisha kwenye lori. Ukingo wa nje ulikuwa umeparuzwa kama muhogo kwenye kikwaruzo. Upande wa kulia, hamna kitu. Mimi ninayejivunia kusoma matairi, nilisoma nusu ukurasa nikafunga. Nilijiambia, huyu bwana anakata usukani kwa hasira. Ulikuwa umeshasema, Mzee. Ukishasema wewe, nani anataka kuwa tairi linalobisha?

Kisha sukari ikakulaza. Nilikuja kukuona hospitalini mara nne. Mara ya mwisho ulikuwa umekonda, lakini ulikuwa unamweleza muuguzi kwamba gurudumu moja la kitanda chako linachungulia. Aliliangalia. Ulikuwa sahihi. Alipoondoka ukaniuliza, bila kunitazama, "Yule Kule, bado anaendesha?" Nikasema hapana. Ukageukia ukutani. Nilidhani umechoka.

Siku ya kukuzika Kule alikuja mapema kuliko ndugu zako. Alikuja na jembe lake mwenyewe, akachimba na vijana mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kufanya mzaha. Hilo nilitaka ulijue hata kama barua hii isingekuwa na jambo lingine.

Baada ya hapo niliendelea na kazi miezi mingi bila mashaka yoyote. Mashaka yalikuja na Mama Kavira, yule mama wa Butembo anayeleta vitenge, ambaye hawezi kuingia mahali bila kupandisha sauti ya mahali hapo. Wiki ile nilikuwa nimefanya magari ya Kasese tu. Akaleta lake, nikaweka gunia, nikapiga magoti. Nikasikia juu yangu, "Weye fundi, ule mutu ya chumvi anaendesha gari ya nani? Vola iko huku." Anagonga usukani kwa pete yake. "Pale ni kwa bwana yangu, na ule hajui kuendesha hata mutumbwi."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Niliinuka nihamishe gunia. Nikiwa nimelikumbatia, Mzee, katikati ya viti viwili, nikasimama. Mkono wangu ulikuwa umeliweka gunia pale ulipoliweka jana na juzi. Haukuangalia usukani. Mkono haujui mpaka wa nchi. Na nikaikumbuka ile wiki ya magari ya Congo, na Ijumaa yake.

Mama Kavira akauliza, "Amekufa?" Nikasema nani. Akasema, "Ule mutu ya chumvi. Naona unamulilia." Sikuwa nalia. Lakini yeye haoni vizuri kwa mbali wala kwa karibu.

Sikutaka kuamini kwa kukumbuka tu. Kumbukumbu inavuta upande kama gari lolote. Nikatafuta ushahidi. Lile gunia letu la zamani lilikuwa linavuja pembeni, unakumbuka, ulikuwa unaliziba kwa gundi ya viraka. Nikapanda boda hadi Kisinga. Kule alikuwa uani anageuza kahawa juani. Nikamwomba nione gari. Hakuuliza kwa nini. Alivuta turubai, kuku wawili wakatoka wakiwa wamekasirika.

Nikafungua mlango wa kushoto. Kwenye kiti cha abiria, Mzee, kulikuwa na utando mweupe, umekauka umekuwa kama ukoko. Nikaonja. Kiti cha dereva kilikuwa kisafi, kina umbo la Kule tu. Reli ya kiti cha kushoto imeota kutu mpaka haisogei.

Sikumwambia siku ile. Hapa nakiri bila kupamba. Nilisema, "Gari nzuri, usiiache ioze," nikaondoka, ulimi bado una chumvi.

Nikamuuliza Masereka. Akainua kichwa kutoka kwenye cheche zake. "Ukifungua hiyo mdomo," akasema, "wote wataenda kwa mashine ya Kasese. Ile mashine haikosei, na ikikosea inatoa karatasi. Mzee ameshalala. Kule ameshazoea. Wewe unataka nini?" Na alikuwa na hoja. Gereji hii inaishi kwa jina lako. Mimi natumia jina lako kila siku: wanauliza nani amekufundisha, nataja Baluku, wanaacha kuuliza.

Nikamwendea mama watoto wako. Sikutaka alisikie sokoni. Alikuwa anachambua maharage, nikamweleza yote, la gunia na la maneno uliyomwambia Kule. Nilitegemea machozi, au anifukuze. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Nimekaa na yule mzee miaka thelathini. Nilimsikia akisema 'nimekosea' mara moja tu, na alikuwa anamwambia mbuzi." Akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Enda umwambie yule mtoto wa watu. Baluku hawezi kwenda, na hata akiwa mzima asingeenda. Angekutuma wewe na kusema unaenda kununua bolti."

Basi nilikwenda, kama mtu aliyetumwa bolti.

Nilimwambia Kule nikiwa nimesimama kwenye kahawa yake. Nikamwonyesha kiti. Nikamchorea chini kwa kijiti, nikamwambia: uzito ulikuwa kushoto tulipopima, wewe Kule ukakaa kulia. Upande wa kulia ukashuka, wa kushoto ukapanda. Gurudumu la kushoto, ambalo tulidhani limelala milimita saba, ukiwa ndani lilikuwa karibu kusimama wima. Ukikata kulia, gari linaegemea kushoto, na gurudumu hilo ndilo linalobeba. Likakanyaga kwa ukingo wa nje. Likateleza. Lingemtelezea yeyote. "Gunia niliweka mimi," nikamwambia. "Mikono yako haikuwa na kosa."

Aliitazama ile michoro. Alichukua reki yake akaanza kugeuza kahawa upya, kahawa ambayo alikuwa ameshaigeuza. Mistari miwili, mitatu. Halafu akasema, "Misimu miwili naitwa Jembe."

Nikakiweka kijiti chini.

Akauliza, "Mzee alijua?"

Nilijua atauliza. Njia nzima kwenye boda nilikuwa nimejaribu majibu, na yote yalikuwa mazuri. Jibu moja lilikufanya mtu mwema ambaye hakujua. Lingine lilikufanya mtu mwema aliyejuta. Nikaona yote mawili ni rangi juu ya kutu. Nikamwambia sijui. Nikamweleza ulichoniuliza hospitalini, kwa maneno yako, na kwamba uligeukia ukutani. Sikuongeza hata nukta. Nikamwachia apime mwenyewe.

Alipima huku akigeuza mstari mwingine wa kahawa. Kisha sauti yake ndogo ikasema, "Dada Biira, asante kwa kuja. Lakini hapa kuna kuku na kahawa. Yale maneno hayakusemwa hapa. Yalisemwa kule Kasese, mbele ya watu. Yarudi kule."

Nilitamani angenitukana. Tusi ningelibeba nikaenda nalo nyumbani. Hili lilinitaka nisimame mbele ya madereva wote, wateja wangu na watakaokuwa wateja wangu, nibomoe kwa mdomo ukuta ninaouegemea. Nikamwambia, "Yatarudi."

Alilileta gari lile Bwera wiki moja kabla ya mashindano. Kiti cha kushoto alikuwa amekisugua. Sikuweka gunia lolote. Nilimwambia, "Ingia mwenyewe, kaa kama unaendesha, usipumue sana." Alikaa saa mbili na nusu, mikono kwenye usukani, anakula karanga. Kila alipoinama kuokota karanga iliyoanguka, timazi liliniambia. Nilimgombeza mara tatu, na mara ya nne akagoma kabisa kuokota, akaacha karanga zilale. Nilipima upande wa kulia, nikapima wa kushoto, nikarudi wa kulia. Kushoto kulikuwa na milimita mbili tu, Mzee. Mbili. Tulimpeleka mtu kwenye kona na milimita mbili, tukamcheka. Nikazirudisha saba na saba, akiwa ndani. Masereka alisimama pembeni wakati wote, kisha akaja akashika taa.

Jumapili ikafika. Kabla ya kuanza nilimwomba yule mtangazaji kipaza sauti. Akafikiri nimepoteza mtoto. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye ukingo wa udongo, na madereva wamesimama karibu na magari. Kule alikuwa amevaa kofia yake ngumu tayari, sijui kwa sababu ya mashindano au kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalitoka haya: "Mimi ni Biira wa gereji ya Bwera. Misimu miwili iliyopita Kule wa Kisinga aliteleza pale. Kosa halikuwa la mikono yake. Uzito wa kupimia niliweka mimi, na niliuweka upande usio wake. Mzee Baluku alifunga bolti bila kuangalia ndani. Kisha tukasema ni yeye. Haikuwa yeye."

Hakuna aliyejua kama apige makofi au avue kofia. Mtangazaji alichukua kipaza sauti taratibu, kama anachukua kisu kwa mtoto, akatangaza kwamba kuna pikipiki imeziba njia ya maji ya kunywa. Halafu mzee mmoja mwenye gari la bluu, yule aliyecheka zaidi ya wote siku ile, akamwendea Kule. Sikusikia alichosema. Niliona tu anampa mkono, na Kule akatoa wake polepole.

Unataka kujua alikuwa wa ngapi. Wa tano. Walikuwa kumi na mmoja. Hakuna atakayeandika habari ya mtu wa tano. Lakini mimi nilikaa kwenye ile kona ya kulia, mizunguko yote, na gari lilipita pale mbele yangu likiwa limeinama kidogo, limekanyaga kwa wayo mzima, likashika, likatoka. Kila mara. Mzunguko wa mwisho aliingia kwa kasi kuliko nilivyopenda, na mimi ndiye niliyefumba macho. Yeye alikuwa ameyafungua.

Alirudi Kisinga akiendesha mwenyewe.

Sasa hesabu ya upande mwingine, maana usidhani nakuletea sukari tu. Wateja wawili wa teksi wamehamia kwenye mashine ya Kasese. Mmoja aliniambia bila haya, "Kumbe na nyinyi mnakosea." Nikamwambia ndiyo, na sasa unajua tunavyosema tukikosea, muulize kompyuta kama naye husema. Ameondoka hata hivyo. Mzee wa gari la bluu ameleta lake, na dereva mwingine kutoka Fort Portal, na kila mmoja anataka akae mwenyewe ndani wakati wa kupima. Imekuwa desturi. Wengine wanakuja na chakula.

Wapo wanaosema nimelichafua jina lako. Nimelifikiria hilo kwa makini, nikilizunguka kama gari la mtu nisiyemjua. Naona hivi: jina lako lilikuwa limesimama wima, na wewe mwenyewe ulinifundisha kisichoegemea popote huanguka kwenye kona ya kwanza. Nimelilaza kidogo. Linakanyaga vizuri zaidi sasa.

Kama ulijua, ulipogeukia ule ukuta, basi nimekutua mzigo. Kama hukujua, sasa umejua, na huwezi kubisha, ndio uzuri pekee wa kuzungumza nawe siku hizi. Kwa vyovyote, mama watoto wako anakusalimu. Anasema mbuzi wote wazima.

Pumzika, Mzee wangu. Nakupenda kama fundi anavyompenda aliyemfundisha, yaani kwa kuhakiki kazi yake. Nami nakuahidi hili. Nitakosea tena, mikono hii si ya malaika, ni ya muuza matairi. Lakini nikikosea sitamtafuta dereva wa kumtwika. Nitakwenda hadi kwake, na kama niliyasema mbele ya watu, nitayarudisha mbele ya watu, na nitaanza na jina langu.

Wako,
Biira